Jinsi ya kuanza kukusanya sarafu za zamani, kutoka mkebe wa bibi mpaka hela ya Tabora

Bibi yangu kule Tanga alikuwa na mkebe wa biskuti ambao sikuwahi kuona biskuti ndani yake hata siku moja. Una sindano, vifungo vya mashati, kipande cha nta, uzi wa rangi rangi, na chini kabisa zimelala senti za shimo zimetungwa kwenye kamba ya katani kama tasbihi. Nikamuuliza bibi hizi za nini, akanijibu bila hata kuinua macho kwenye kushona kwake, "Hizo ndo zilikuwa hela, mjukuu wangu." Basi ndo nilipoanzia. Sa hivi nina miaka mingi kwenye hii kitu na watu wananiuliza sana naanzaje, wapi, na je nitatajirika, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote ninayoyajua, chukua chai yako usome taratibu.

Kabla ya yote tumalize hili la utajiri. Kuna habari zinazunguka miaka yote kwamba rupia ya Mjerumani inanunuliwa mamilioni, kwamba kuna rupia ukiiweka karibu na mchele inauvuta, kwamba kuna mzungu au mwarabu yuko hoteli fulani anasubiri. Ni uongo. Fedha haivuti mchele. Nawajua watu wameuza mbuzi, wameuza hata kiwanja, kulipia "vipimo" vya sarafu ambayo thamani yake halali haifiki hata hizo hela za vipimo. Mtu akikwambia toa kwanza hela ndo mnunuzi aje, kata simu. Na wale wanaochimba makaburi na mapango kutafuta mali za Mjerumani, nawaomba waache, wanavunja historia na wengine wanafukiwa humo humo. Ukikusanya sarafu kusanya kwa sababu inakupa raha kushika kitu kilichopita mikono ya watu wa miaka mia iliyopita, kikipanda bei baadae sawa, kisipopanda bado unacho.

Haya tuanze.

Hatua ya 1: anza nyumbani, usinunue kitu

Uliza kwa bibi, kwa babu, kwa shangazi, kwa mjomba aliyewahi kufanya kazi reli au bandarini. Angalia kwenye mikebe, kwenye kabati la vyombo, chini ya droo ya cherehani, kwenye sanduku la nguo za harusi. Senti za shimo hasa zinajificha sehemu za ajabu kwa sababu mafundi walizitumia kama washa, mimi moja niliitoa kwenye kitasa cha mlango wa zamani imekaa chini ya nati, nyingine nilikuta mtoto kavaa shingoni. Ukiona kitu kwa mzee usikichukue tu, kaa chini, mwamkie, muulize alikipata wapi na alikuwa anakitumia kununua nini. Hayo maneno yatapotea kabla ya sarafu, na ukishayakosa hakuna duka linaloyauza.

Hatua ya 2: jifunze kuisoma sarafu

Hapa ndo penye utamu wenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia kwanza maneno tunayotumia kila siku. Pesa lilikuwa jina la sarafu, kampuni ya Wajerumani ilitoa vipande vya shaba vilivyoitwa hivyo hivyo kwa miaka ya 1890 mpaka 1892, upande mmoja tai na upande mwingine maandishi ya Kiarabu, na 64 zilikuwa zinafanya rupia moja. Hela nayo ni sarafu, ni HELLER ya Wajerumani, ilikuja 1904 walipobadilisha mfumo ukawa hela 100 kwa rupia moja. Thumuni maana yake ni moja ya nane. Na fedha ni madini yenyewe kabla haijawa jina la hela zote. Yaani kila siku tunasema "sina hela" na hela yenyewe ile ya shaba unaweza ukaishika mkononi, mimi mpaka leo hilo linanipa raha.

Sasa chukua senti kumi ya shimo ya Afrika Mashariki. Juu ya shimo kuna taji, kuna jina la mfalme, upande wa pili kuna pembe za ndovu zimepinda kuzunguka shimo, na mwaka. Zilitolewa na bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919, zikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikaingia 1936, na baadae zikafika mpaka Aden, ndo maana watu wenye ndugu Yemen nao wanazo kwenye mikebe. Soma jina la mfalme. Ukiona GEORGIVS VI na mbele yake IND:IMP, maana yake mfalme alikuwa bado anajiita mfalme wa India, ukikuta ya miaka ya mwanzo ya hamsini hayo maneno hayapo, India ilishajitawala. Ile ya 1964 angalia vizuri, taji halipo kabisa. Shimo lile lile, pembe zile zile, taji limeondoka kwa sababu uhuru umeshapatikana. Ukiziweka tatu hizo mezani pamoja, za nchi zetu hizi hizi, historia yote unaiona kwenye shaba.

Nyingine tamu ni ya 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Huyu mfalme alikaa chini ya mwaka akaacha kiti Desemba 1936, kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuingia mzunguko wa kawaida, lakini hizi zetu za shimo hazina nafasi ya sura, zina jina tu, kwa hiyo zilishapigwa na zikatumika. Sio adimu, zilitoka nyingi sana, kwa hiyo mtu asikutoze bei ya ng'ombe. Lakini ni sarafu ya mfalme ambaye huko kwao hela zake hazikupatikana sokoni na huku mama ntilie alikuwa anarudisha nazo chenji.

Chini ya mwaka au pembeni utaona herufi ndogo sana. H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, isipokuwepo herufi ni London. Kwa sarafu za Wajerumani A ni Berlin na J ni Hamburg. Kuna mwaka mmoja ambao herufi moja imejaa kila mahali na nyingine hupati, kwa hiyo usiridhike na mwaka tu.

Na za Zanzibar jifunze namba za Kiarabu, ni kumi tu, jioni moja unazimaliza. Pesa ya Sultan Barghash ina picha ya mizani na mwaka ١٢٩٩, yaani 1299 wa Hijria, ambao ni kama 1882. Kuna na ya 1304. Watu wanaziuza kwa jina la "sarafu ya Kiarabu" tu bila kujua ni ya hapa hapa, we ukisoma mizani na tarehe umeshajua.

Hatua ya 3: chagua kona yako

Ukitaka kukusanya kila kitu utachoka na hela itaisha. Chagua. Kuna mtu anakusanya za shimo tu, mwaka kwa mwaka. Kuna anayetaka shilingi za simba, zile zilizoanza 1921, simba kasimama na milima nyuma yake, mpaka 1946 zina fedha robo ndani yake na kuanzia 1948 hazina kabisa, na za mwisho ni za 1952. Kuna za Tanzania za mwanzo, za 1966, sungura kwenye hamsini, mbuni kwenye ishirini, samaki kwenye senti tano, mwenge kwenye shilingi na sura ya Mwalimu upande wa pili, hizi ni rahisi kuzipata na kwa mtu anayeanza nashauri azianze hizi maana wazazi wake wanazikumbuka na mazungumzo yanakuwa matamu. Kwa Kenya vivyo hivyo, za 1966 zina sura ya Mzee Kenyatta bila maneno, kuanzia 1969 maneno ya kumtaja rais wa kwanza yakaongezwa kuizunguka sura.

Mimi kona yangu ni Mjerumani na hasa Tabora. Wakati wa vita vya kwanza meli za Uingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, askari na wapagazi wanatakiwa kulipwa, basi 1916 Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe Tabora. Hela tano, hela ishirini za shaba ya njano na za shaba nyekundu, shaba ya njano ikitoka kwenye maganda ya mizinga, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye tembo na mlima, hizo za dhahabu zilipigwa kama elfu kumi na sita tu. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora na mambo yakaishia hapo.

Ya dhahabu sina na sitegemei. Lakini hela ishirini ninayo, ya shaba ya njano. Ukiiweka kwenye kiganja unaona haikutoka kiwanda cha maana, taji limekaa upande kidogo, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni lao) zina unene tofauti, mwaka 1916 umefifia kwenye sita, chini kuna T ya Tabora, ukingo una sehemu nyembamba na sehemu nene, na kwenye shada upande wa pili kuna mkwaruzo wa chombo kilichotumika kuchonga. Zilitoka zaidi ya milioni kwa hiyo sio kitu cha ajabu sokoni, lakini nikiishika nafikiria yule aliyelipwa nayo, kabeba mzigo kilomita mangapi, na pengine wiki iliyofuata haikununua kitu.

Hatua ya 4: vifaa

Havizidi vinne. Kioo kile cha fundi saa cha kuweka jichoni, mizani ndogo ya dijitali inayosoma mpaka gramu moja ya mia, sumaku (vunja spika mbovu), na daftari. Simu unayo tayari. Kwenye mtandao kuna Numista, ni bure, unaingiza nchi na mwaka unaona picha na uzito na kipenyo cha karibu kila sarafu, mimi natembea nayo sokoni.

Hatua ya 5: kwenda kutafuta

Maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe Zanzibar ni mazuri kwa kuangalia na kujifunza lakini bei nyingi zimewekewa watalii, nenda msimu wa mvua wageni wamepungua, salimia, kaa, nunua kitu kidogo mara ya kwanza bila kubishana sana, mara ya tatu mwenye duka mwenyewe ataanza kukutolea kibakuli cha chini ya meza. Mji wa Kale Mombasa ni hivyo hivyo. Kwenye minada ya bara, ile ya ng'ombe na nguo, waulize wamama wanaouza shanga na dawa za asili, huwa wana sarafu kwenye vikapu kwa sababu zao.

Lakini sehemu mbili ambazo watu wanazisahau ni kwa watu wa vyuma chakavu na kwa sonara. Wa chakavu ananunua shaba kwa kilo, mwambie akiona kitu chochote cha duara chenye maandishi akuwekee, umlipe juu ya bei ya kilo, siku mbili tatu utaona simu. Sonara ni stori ndefu zaidi. Rupia za fedha, ziwe za India ziwe za Mjerumani, zina gramu 11.66, ambayo ndo tola moja kamili, kipimo cha uzito cha masonara, kwa hiyo sonara wa pwani tangu zamani alikuwa anatupia rupia upande mmoja wa mizani na kazi inaendelea, na ikifika siku mteja anataka bangili rupia zinaingia kwenye kalibu. Ndo maana nyingi zimepotea. Nilimkuta sonara mmoja ana tatu kwenye kisahani, kashawasha moto, nikamwambia kaka nakulipa bei ya fedha na nusu yake juu, akaniangalia kama naumwa halafu akazima. Mbili zilikuwa za India za kawaida, moja ya Mjerumani ya 1890 ina simba na mnazi nyuma yake.

Hapo hapo niseme, sio kila rupia ni ya Mjerumani. Pwani yote na Zanzibar ilikuwa inatumia rupia ya India, yenye Victoria au Edward au George, na mpaka leo ndizo zinazopatikana zaidi. Muuzaji atakwambia Mjerumani kwa sababu neno hilo lina bei. Mjerumani utamjua, mfalme kavaa helmeti ina ndege juu, na maandishi ya kampuni yao au DEUTSCH OSTAFRIKA.

Kwa wazee bei ni jambo la heshima. Nilienda Pangani kwa mzee mmoja niliyeelekezwa, nikamwamkia, "Shikamoo babu," "Marahaba mjukuu wangu, karibu mkekani," tukaongea kwanza habari za mvua, za samaki, za barabara, karibu saa nzima, ndo akamwita mjukuu wake alete kitambaa. Ndani kulikuwa na reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, kubwa, nzito, nyeusi. Akasema ilikuwa ya mahari ya mama yake. Nikamwambia babu hii usiniuzie, mpe binti yako, ila niruhusu niipige picha na uniambie jina la mama. Nilitoka pale sina sarafu na niliridhika sana. Ukijua kitu kina bei kubwa kuliko anayotaja mzee mwambie, usimnunulie kwa bei ya kutojua, hii kazi ni ya watu wanaojuana na neno linatembea.

Hatua ya 6: kukagua kama ni yenyewe

Pima kwanza. Rupia ya fedha ikikosa karibu nusu gramu bila kuwa imelika sana, weka pembeni. Shilingi ya simba ya fedha ni kama gramu 7.8. Reale ya Maria Theresa ni gramu 28 na kidogo, na hapa watu wanaumia sana, mwaka 1780 umeandikwa kwenye zote hata zilizopigwa juzi, kwa sababu ule mwaka haukubadilishwa tena baada ya malkia kufariki, viwanda vya nchi nyingi vimeendelea kuzitoa hivyo hivyo. Kwa hiyo ni sarafu ya kweli lakini mwaka wake hauonyeshi umri wake.

Sumaku ikinasa kwenye kitu kinachoitwa fedha, rudisha kwa muuzaji kwa upole. Isiponasa usishangilie bado, shaba iliyopakwa rangi nayo hainasi. Weka kioo jichoni uangalie uwanda, sehemu ile isiyo na picha, ukiona vitundu vidogo vidogo kama uso wa maandazi ujue imemiminwa kwenye kalibu haikupigwa kwa mashine. Angalia na ukingo, kama kuna mstari umezunguka katikati ni vipande viwili vimeunganishwa. Sikiliza na mlio, iweke kwenye ncha ya kidole uigonge kidogo na sarafu nyingine, fedha inalia muda mrefu na kwa sauti nyembamba, ya bandia inasema "tak" na kunyamaza.

Afu angalia kama ilishawahi kuchomelewa kidani, juu utaona alama ya lehemu, hiyo bei inashuka sana. Mimi nazinunua hizo kwa moyo mweupe, mtu aliivaa.

Hatua ya 7: usiisafishe

Narudia, usiisafishe. Nilipokuwa kijana nilizichukua zile za shimo za bibi nikazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikawaka kama mpya, nikampelekea kwa furaha zote. Alizishika akaziangalia akasema tu, "Sasa sizijui." Lile neno limenikaa. Rangi ile ya kahawia nzito ilichukua miaka hamsini kujengeka, ilikuwa inailinda shaba, na asidi ya ndimu imekula hata mistari myembamba ya pembe. Mpaka leo zina rangi ya waridi ya ajabu na mtu yeyote anayejua atasema zimeoshwa. Sarafu iliyosuguliwa inapoteza hata zaidi ya nusu ya bei, lakini kwangu bei sio tatizo.

Kama ina udongo iloweke kwenye maji safi ya kunywa siku mbili tatu ukibadilisha maji, isuuze, iguse guse na kitambaa laini bila kusugua, iache ikauke kivulini. Basi. Hakuna dawa ya meno, hakuna chumvi, hakuna siki, hakuna maji ya betri, hakuna brashi ya waya. Ukiona unga wa kijani unaochomoza kwenye shaba itenge na nyingine haraka, ule ni ugonjwa wa shaba, unakula na kwa unyevu wa pwani unakimbia.

Hatua ya 8: kuhifadhi

Shika pembeni, kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa ili ikianguka isiumie. Jasho la kidole linaacha alama ambayo utaiona baada ya mwaka. Vimfuko vya plastiki laini vile vya bei rahisi vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni usitumie, vinatoa ute wa kijani unaoganda kwenye sarafu. Bahasha ndogo za karatasi ni sawa kabisa kwa kuanzia, ukipata hela nunua vikadi vyenye kidirisha. Usifunge na raba bendi. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, tumbukiza kwenye mkebe wako, ubadilishe kila baada ya miezi kadhaa, kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na visiwani hii ni lazima.

Na usiwaonyeshe watu wote mkebe unakaa wapi.

Hatua ya 9: daftari

Kila sarafu ipe namba na ukurasa. Andika ni nini, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, umenunua wapi, kwa shilingi ngapi, kutoka kwa mtu wa aina gani, na alisema nini. La mwisho ndo muhimu. Ninayo senti tano ya kawaida kabisa, ambayo ukienda nayo popote utapewa hela ya soda, kwenye daftari imeandikwa "aliyeniuzia anasema baba yake aliiokota siku ya uhuru njiani kurudi kutoka uwanjani, hakuwahi kuitumia." Siwezi kuiuza.

Sheria, kwa ufupi

Kitu kilichochimbwa kwenye magofu usikiguse wala usikinunue, Kilwa Kisiwani, Gedi, Kua kule Mafia, popote. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zikitolewa ardhini bila wataalamu, mahali zilipokaa panakuwa pameshapotea na hapo ndipo pangetuambia nani alifanya biashara na nani. Tanzania sheria ya malikale ni ya 1964, inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu vya kabla ya 1895, kwa hiyo hata ile pesa ya 1888 yenye neno MOMBASA iko ndani. Ukitaka kusafiri na vitu vya umri huo kwenda Muscat au Ulaya kwa ndugu, nenda kwanza idara ya mambo ya kale au makumbusho uulize kibali, usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege.

Ambayo natafuta mimi mpaka sasa ni za Zanzibar za 1908, za wakati wa Sultan Ali bin Hamud, senti moja, senti kumi na senti ishirini, zina mti wa mnazi. Hazikukaa muda, nyingi ziliyeyushwa, na nimeziona kwa macho mara moja tu, nyuma ya kioo cha mtu ambaye hauzi. Kama kwenu kuna mkebe na umeona mnazi, hata kama imechakaa, hata kama ina tundu, iache hivyo hivyo ilivyo na uniandikie.